Kitenzi cha Bwana Taipu

Kwa miaka thelathini na miwili Bwana Taipu alikaa na mashine yake chini ya ngazi za ofisi kuu, akiwaandikia watu barua za maombi kwa Kiingereza. Kila barua, iwe ya kiwanja au ya cheti kilichopotea, ilibeba kitenzi kimoja: vouchsafe. Alikiokota kwenye barua ya zamani akakipenda kwa urefu wake. Maana yake hakuijua, wala haikumkosesha usingizi. Imani yake ilikuwa kwamba mkubwa akikutana na neno asilolijua huona haya kuuliza, basi husaini yaishe. Wateja nao hawakunyanyuka benchini mpaka wahakikishe lile neno limo.

Mpwa wake, muuguzi, alikuwa akitafuta uhamisho arudi mji alikozaliwa, akamtunze mama yake mgonjwa, dada pekee wa Bwana Taipu. Mjomba alimwandikia barua mbili. Zote zilikataliwa.

Safari ya tatu binti alikuja na kamusi nene ya kuazima. Kitenzi hicho, alimweleza, ni cha mkubwa anayejishusha kumpa mdogo kitu kwa hisani yake tu, wala mdogo hana haki nacho. Siku hizi ni nadra kusikika, na aghalabu hutumika kwa wafalme na Mungu.

Bwana Taipu alinuna. Akasema neno hilo limemlisha tangu huyo binti hajaota meno, na kamusi haijawahi kumpatia mtu kiwanja.

"Mjomba, mimi siombi hisani," alisema mpwa. "Nimekesha wodini miaka tisa. Andika wazi, kwa Kiswahili."

Bwana Taipu akachomeka karatasi mashineni. Vidole vikagoma. Bila kile kitenzi hakujua pa kuanzia, ikabidi aulize jambo ambalo kwa zile barua mbili hakuliuliza: mama ana hali gani?

"Mwezi uliopita aliniita dada. Juzi kwenye simu hakuniita chochote. Nataka nifike angali anaijua sauti yangu."

Aliandika hivyo hivyo, mistari minne, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Ugonjwa wa dada yake wa tumbo moja alikuwa ameuandika mara mbili kama anavyoandika upotevu wa cheti.

"Na mimi, ananitaja?"

Mpwa aliikunja barua polepole kuliko ilivyohitaji. "Anasema kaka yake alifariki zamani."

Bwana Taipu akaifunika mashine, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na watu watatu wamekaa benchini, akauliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi. Mpwa akamkumbusha kwamba majibu ya barua huchukua mwezi mzima.

"Ya kwako, ndiyo," alisema Bwana Taipu, akilitafuta koti lake. "Mimi wa kunipa ruhusa hayupo, na hakuwahi kuwapo."