Aliyeitika Mtihanini

Msimamizi alipoita "Khawla Mahfoudh," Ibtihal alichelewa kuitika, na nyuma yake kukaitikwa, "Naam." Sauti ya msichana, laini, karibu kabisa na shingo. Akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Jina lilikuwa lake, na halikuwa lake. Alipozaliwa alipewa la shangazi yake, marehemu, aliyefariki akiwa anafungasha nguo za kwendea chuo. Mtoto akaugua, akapona, akaugua tena, mpaka wazee wakasema jina limemlemea, avuliwe. Akawa Ibtihal kwa watu wote. Karatasi za serikali hazikuguswa. Baba yake alisema kesho, na kesho ile ikamkuza binti mpaka akaota urefu wa mlango. Na SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya ng'ambo, haukuulizi nyumbani unaitwaje. Unataka jina la pasipoti.

Siku ile alisikiliza mgongo wake kuliko alivyosoma maswali. Hisabati ikamwangusha. Alipata elfu moja na tisini, na chuo alichokitaka kilidai elfu moja mia mbili hamsini. Ilibaki nafasi moja tu ya kurudia kabla chuo hakijafunga mlango.

Akajifungia chumbani, kwao mtaa wa Hail, akasoma mpaka macho yakamwasha. Lakini kila akikaa na hesabu alihisi mtu anasoma naye, na huyo mtu anamaliza ukurasa kabla yake.

Mwishowe alimfuata bibi yake, Bibi Rahila, jikoni, aliyekuwa akichagua mchele kwenye sinia.

"Bibi, shangazi Khawla alikuwaje?"

Vidole vya Bibi vikasimama. Jina hilo lilikuwa halitajwi nyumba ile.

"Nani kakutuma uniulize?"

"Yeye mwenyewe. Ananiitikia mtihanini."

Bibi hakucheka. "Mwanangu yule akipenda hisabati, we! Akinikosoa hata vipimo vya unga. Kaondoka na hamu yake."

Asubuhi ya kurudia, Bibi aling'ang'ania kumsindikiza garini. Walipofika njia ya Darsait akaanza mambo yake, maana huyo hata matangani hutega.

"Kitendawili!"

"Leo, Bibi?"

"Kitendawili, nimesema!"

"Haya, tega."

"Nilivishwa sijajua kuvaa, na nikifa sivuliwi."

"Sanda."

"Sanda unavishwa ushakufa, mjinga we! Nipe mji."

"Nakupa Matrah."

"Nimekwenda Matrah, nimekula halua, nimeshiba. Ni jina, mama." Akamshika mkono, hakuuachia. "Sisi ndio tuliokosea. Tulimvua mtoto mchanga jina, tukadhani tumelizika. Leo likiitwa, itika naye. Mwambie akae."

"Khawla Mahfoudh," msimamizi aliita ukumbini.

"Naam," zikaitika sauti mbili.

"Kaa, shangazi," alinong'ona Ibtihal. Baridi ikamwingia shingoni, kisha ikatulia.

Sehemu ya kusoma aliikumbuka yote. Ya hisabati hakuikumbuka, ila vidole vyake vikienda mbio, na ile karatasi ya kukokotolea imejaa saba zilizopigwa mstari katikati. Yeye saba zake hazina mstari.

Matokeo yakaja: elfu moja mia tatu thelathini. Bibi alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Akanyakua simu, akapiga Unguja.

"Khawla kafaulu! Nnakwambia mwanangu anaingia chuo! Khawla wangu!"

Baba mtu akageukia ukuta, akajifuta macho. Ibtihal akasimama katikati ya sebule, akingoja kutajwa. Simu ya Unguja ikaisha, ikapigwa ya Dar es Salaam, na huko nako Khawla kafaulu.

"Bibi," alisema, "na miye?"

Bibi akageuka akicheka, machozi yanamtiririka. Macho yake yakapita kwanza juu ya bega la Ibtihal, yakakaa huko kidogo, ndipo yakarudi kwake.