Maski Isiyo na Tundu

Alhamisi moja ya Januari 1991, saa tisa mchana, Kanyange alikuwa mlangoni pa baa yake pale Gisimenti, mtaani Remera, akitunga nyama ya mbuzi kwenye vijiti vya chuma, vipande vinne vya nyama na kimoja cha mafuta, Révérien alipotokea na magunia mawili juu ya baiskeli. Ndani ya magunia mlikuwa na maski za gesi thelathini na tatu, za mpira mweusi, zenye macho mawili ya kioo na kopo la chujio mbele ya mdomo. Alizipata wapi, hakuna aliyemuuliza. Révérien aliwahi kuuza viatu vya mguu wa kushoto vitupu, na viliisha vyote.

Siku hizo redio haikuwa na neno jingine ila vita vya Ghuba. Watu wa huko, ilisema, wanalala na maski vitandani wakiogopa gesi ya sumu. Na huku nyumbani kulikuwa na vita vyetu vya kaskazini tangu Oktoba. Basi kwenye kila meza swali likawa lile lile: raia anunue maski, au asinunue?

"Gesi itoke Iraki mpaka Remera?" aliuliza Silvère, dereva wa lori la mchanga. "Mimi natoka Kinyinya tu hapo, nafika nimechoka. Hiyo gesi iko na dereva gani?"

"Upepo, sha," alisema Révérien. "Upepo haulali."

"Kama haulali, mbona shati lako siku ya tatu halijakauka?"

Usumani, muuza nyama, alichukua maski moja akainusa kwa makini, kama anavyonusa paja la mbuzi. "Mimi niko na watu tisa nyumbani. Nikinunua moja, anavaa nani?"

"Anavaa baba mwenye nyumba."

"Na gesi ikishapita, nabaki baba wa nani?"

Watu walicheka, Révérien naye akacheka, maana mfanyabiashara hucheka na mteja. Kilichowafanya wanunue si hoja. Ni desturi. Pale Gisimenti, kama kote katika nchi ile, mtu hanywi pombe ya mwenzake kabla mwenyewe hajaionja mbele yake, ili ijulikane kwamba haina sumu. Mgeni anayepewa kibuyu kisichoonjwa hushukuru, hukiweka chini, na hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Kwa hiyo Usumani alimrudishia Révérien ile maski akamwambia, "Onja kwanza."

Révérien aliivaa, akavuta pumzi tatu, akaitoa. Usumani akalipa. Aliyefuata naye akataka ya kwake ionjwe. Mpaka jioni Révérien alikuwa ameonja maski thelathini na mbili, na usoni mwake palibaki alama ya duara kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, kama sahani iliyochorwa. Alama hiyo haikufutika tena. Ilibaki maski moja.

Ijumaa watu walikuja baa na maski zao usoni. Walikula mishikaki kwa kuinua mpira kidogo upande wa kidevu, kama anayechungulia chini ya mkeka. Saa kumi na mbili redio ilisoma matangazo ya vifo, na Usumani akayasikia vizuri. Ikasoma matokeo ya mpira, akayasikia. Kisha akaja yule bwana wa kueleza nani ni adui wa nchi na anakaa nyumba ipi, na redio ikanyamaza. Usumani aliipiga kofi. Akaipiga la pili.

"Unaipigia nini?" aliuliza Silvère, ambaye hakuwa amevaa. "Si inasema?"

Viateur, mkuu wa mtaa, alisimama na daftari lake la majina mkononi akaanza kuzungumza. Wenye maski waliona midomo yake ikichezacheza kama ya samaki kwenye beseni. Alipoagiza mishikaki miwili na ndizi ya kuchoma, walimsikia. Alipoendelea na mambo ya majina, hawakumsikia.

Hakuna aliyeshangaa. Walilalamika. Jumamosi asubuhi walimzunguka Révérien wakisema bidhaa yake ni mbovu.

"Si mbovu," alisema Révérien. "Imetengenezwa izuie sumu. Gesi haijafika, basi inazuia ile inayoikuta. Mnataka ikae bure?"

Walikubali kwamba maelezo yana akili. Shida ilikuwa maisha yenyewe. Mwenye maski alibaki na mvua, bei ya maharage, na mtoto wa nani ameota meno. Mambo hayo yakishazungumzwa, saa moja haijafika. Watu walikaa wakitazamana kama kuku wa sokoni, wakamaliza chupa moja moja, wakaenda kulala. Jumapili, siku ambayo watu kwa kawaida hukalia makreti ya bia kwa kukosa viti, Kanyange alihesabu viti kumi na viwili vitupu.

Na Kanyange alikuwa mtu wa nyumba iliyojaa. Aliweza kuishi bila nyama na bila mume, na vyote alikuwa amejaribu. Kiti kitupu kilimuuma kama jino.

Jumatatu alipata dawa. Alichoma kijiti cha mishikaki mpaka kikawa chekundu, akamwita Usumani, akamtobolea maski tundu dogo upande wa sikio. Usumani aliivaa, akasikiliza, akatabasamu ndani ya kioo. Redio ilikuwa inasema tena. Kanyange alitangaza kwamba atakayeagiza bia anatobolewa bure.

"Na gesi ikija, si itapitia hapo?" aliuliza Silvère.

"Gesi ikija utaweka kidole," alisema Kanyange. "Kidole unacho?"

Foleni ilifika barabarani. Viateur alisimama pembeni akisaidia kupuliza makaa.

Jirani wa ukuta mmoja na baa alikuwa Mukagasana, fundi wa nguo. Ndiye aliyemshonea Natacha, binti wa Kanyange, gauni la komunyo, na wanawake hao wawili walipeana moto, chumvi na ungo bila kugonga mlango. Sasa Mukagasana alishona kwa mkono. Desemba, Viateur alikuja na vijana wawili wakabeba cherehani yake wakaipeleka ofisini kuchunguzwa, maana ilisemekana sauti yake jioni inapeleka habari kaskazini: mishono mitatu mifupi maana yake hivi, mmoja mrefu maana yake vile. Mukagasana hakujua maneno hayo yalianzia kwa nani.

Yalianzia kaunta. Siku moja lori la bia lilichelewa, watu wakaanza kuaga, na Kanyange, akitaka wasiondoke, akawaambia wasikilize kule ukutani. "Tatata-ta. Mnasikia? Huyo anamsalimia shemeji yake wa msituni." Aliigiza na mguu unavyokanyaga. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga bia, wakabaki, na kesho yake wakaja na wenzao. Viateur alicheka pia. Alikuwa akicheka anaandika.

Basi Jumanne hiyo Mukagasana aliingia na kumwambia Révérien kwamba anaitaka ile maski iliyobaki.

"Na wewe unaogopa Iraki, dada?" aliuliza Usumani.

"Siogopi Iraki. Kesho nakwenda kwa Viateur kuomba cherehani yangu mara ya nne. Nataka niombe bila kusikia ananijibu nini. Labda nitaweza kusimama pale mpaka achoke."

Wanywaji waliona ni mpango mzuri. Lakini lazima maski ionjwe, na Révérien akakataa. Uso wake, alisema, umefika mwisho. "Aionje mwenye nyumba."

Kanyange alifuta mikono kwenye kitenge, akaivaa. Ilikuwa na harufu ya tairi na kitunguu.

"Sema neno, tujue kama sauti inapita," alisema Mukagasana.

"Maharage yamepanda bei," alisema Kanyange, akajisikia vizuri kabisa.

"Sema jingine."

"Pole kwa cherehani yako, mama. Wallahi mimi sijui nani alianza yale maneno."

Midomo yake ilicheza. Ulimi ulifanya kazi yake yote. Hakusikia kitu. Alidhani amekohoa. Akarudia kwa nguvu zaidi, na humo ndani ya mpira mlikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Aliivua.

"Inafanya kazi?" aliuliza Mukagasana.

"Imekufa hiyo," alisema Kanyange. "Usinunue. Utatupa pesa yako."

"Sauti yako haikupita?"

"Ya maharage ilipita."

"Na ile nyingine?"

Kanyange alichukua kijiti chekundu kwenye makaa. "Lete basi nikutobolee. Bila bia. Wewe ni jirani."

"Hapana," alisema Mukagasana. "Mimi nataka isiyo na tundu."

Alimlipa Révérien, akaivaa pale pale, akakaza mikanda nyuma ya kilemba. Kanyange alimsogelea, akamshika bega, akamwambia maneno mengi. Mukagasana alimtazama midomo mpaka ilipotulia. Kisha akainua mpira kidogo upande wa kidevu akaagiza Fanta.

Vita vya Ghuba vilikwisha mwezi wa pili, na gesi haikufika Remera. Maski zilipata kazi nyingine. Usumani aliotesha vitunguu katika yake. Silvère, ambaye hakununua, aliazima moja ya kurinia asali. Cherehani ipo ofisini kwa Viateur hadi leo inachunguzwa. Imetandikwa kitambaa, na juu yake kuna chupa ya maua ya plastiki. Mukagasana alikwenda mara ya nne, ya tano na ya sita, akasimama na maski yake mpaka Viateur akachoka, lakini Viateur alipochoka alikwenda tu kula.

Kila jioni Mukagasana huja baa, hukaa kwenye meza ya pembeni na Fanta moja, maski usoni, kitambaa cha mtu mapajani na sindano mkononi. Kanyange humletea kiti chenye mto. Huzungumza naye habari za mvua na meno ya watoto, na hizo zote zinapita.

Zipo siku ambazo lori la bia huchelewa na watu huanza kutafuta kofia zao. Hapo Kanyange huweka mikono kwenye kaunta akaanza ile ya cherehani, maana haijapatikana nyingine inayofaa kama hiyo. Siku hizi anaisimulia vizuri zaidi. Amejifunza tu kwamba akifika kwenye tatata-ta lazima aipe mgongo meza ya pembeni. Mguu wake hukanyaga, watu hucheka, na viti vyote hujaa.