Kidato cha Thelathini na Nane

Nesi alinunua nusu kilo ya maini, akacheka na kila mtu, kisha akaharibu mambo.

"Dada yako anaendelea vizuri," alimwambia mwenye bucha. "Damu yake hatuitoi, tunamwongezea madini ya chuma. Mwezi ujao mleteni tena."

Ulimi hauna mfupa. Nesi akaondoka na maini yake. Kaka mtu akafunga mlango wa barabarani, akachukua kile kisu kidogo cha kutolea mafuta kwenye nyama, akageuka.

"Gogo. Njoo hapa."

Gogo ndilo jina alilompa mdogo wake, kwa kuwa alichoka upesi na kulala popote. Dada huyo alizaliwa na tundu moyoni. Damu yenye hewa na damu iliyochoka zilikutana humo, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, kichwa kikimpasuka, daktari mmoja mzee alisema damu imekuwa nzito mno, akamtoa mfuko mmoja. Kichwa kikapoa. Ilikuwa mara moja tu, lakini kaka alisimama mlangoni akitazama, akaondoka na elimu yake. Mama yao alipokuwa akikata roho alimwambia, "Mwangalie mdogo wako." Basi akamwangalia. Miaka tisa, kila mwisho wa mwezi, juu ya meza ya bucha, alimtoa damu kikombe kizima.

Gogo akikataa, alipigwa. Miezi minne nyuma alikimbilia ngazini nyuma ya bucha, kwenda kwa jirani yao Mama Cherehani, ambaye mlango wake ulikuwa kwenye kidato cha thelathini na nane. Kwenye cha ishirini na mbili miguu ikageuka maji. Kaka akamshika nywele, akamburuta chini, kichwa kikigonga kidato kimoja baada ya kingine. Jino moja lilivunjikia ukutani.

Jino lile lilimpeleka hospitali, na hospitali ikaona midomo. Daktari wa moyo, binti mdogo mwenye sauti ya ukali, alimtembeza ukumbini dakika sita kumpima pumzi. Gogo alipumzika mara tatu.

"Nani anakutoa damu?"

Gogo akashusha mkono wa blauzi kufunika makovu.

"Nisikilize. Mwili wako unatengeneza damu nyingi kufidia hewa unayoikosa, na damu haitengenezwi bila chuma. Kila kikombe kinatoka na chuma chako. Umebaki na damu tele isiyo na nguvu. Tundu sitaliziba leo. Chuma nitakirudisha."

Wakamtundikia dripu ya chuma. Nyumbani kaka aliiona plasta mkononi, akauliza. Gogo, ambaye hakuwahi kusema uongo wa maana, alisema mmoja mkubwa: "Sasa wananitoa huko huko."

Kaka aliridhika kwa miezi mitatu.

"Miezi mitatu!" alinguruma sasa. "Imejaa humo, inaoza! Unataka upasuke nikuzike? Lete mkono!"

"Sitoi."

Kofi lilimtupa kwenye ndoano za kutundikia nyama. Moja ilimchana bega. Kaka alimdaka kifundo cha mkono, akakibana mezani, ncha ya kisu ikaingia pale penye makovu. Gogo alinyoosha mkono wa pili, akashika mfupa wa paja la ng'ombe, akampiga nao sikioni. Kaka alipepesuka. Gogo akaisukuma ndoo ya maji machafu, sakafu ikawa telezi, na mtu mzima akaanguka kama mzigo.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi.

Kumi. Nyuma yake matusi. Kumi na nne, alama ya damu yake ya zamani bado ipo ukutani. Ishirini na mbili. Alingoja miguu igeuke maji. Haikugeuka. Ilitetemeka, ikaenda. Kwenye cha thelathini macho yaliona nyota na kifua kikaungua. Thelathini na tatu alipanda kwa magoti. Nyayo za kaka zilikuwa kona ya chini.

"Mama! Fungua!"

Mlango ulifunguka, akaangukia ndani kifudifudi. Mama Cherehani, mwanamke mpana mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, aliusukuma mlango kwa kiuno. Mkono wa kaka ulikuwa tayari umepenya na kisu chake.

"Toa mkono, baba."

"Haikuhusu, mama!"

Pasi ilikuwa ya moto juu ya meza. Mama Cherehani aliilaza juu ya vidole vile kama anavyonyoosha kola. Mlio uliotoka haukuwa wa binadamu. Kisu kikaanguka ndani, mkono ukatoka, komeo likaingia.

Kaka alipiga mlango kwa kichwa. Halafu kwa ngumi. Halafu akakaa chini, na wakamsikia akilia.

"Mama alinikabidhi mimi! Alisema nimwangalie!"

Gogo alikuwa bado sakafuni, midomo karibu myeusi. Alisubiri pumzi ipatikane.

"Alisema uniangalie, kaka," alisema. "Hakusema unichinje."

Nje, nyayo zikaanza kushuka ngazi, kidato kimoja kimoja.

Mama Cherehani alimfunga bega kwa kipande cha kitambaa cha bitana. "Umepanda zote? Bila kupumzika?"

"Zote."

"Mwongo wewe. Hata mimi napumzika pale kwenye kona."

Gogo alicheka, ikamuuma kifua, akacheka tena. Hakurudi bucha. Kisu kilibaki kwa Mama Cherehani, na tangu siku hiyo kinakata nyuzi tu.