Mvinyo wa Fundi Saa

Fundi saa alipostaafu alijitia kujua kutengeneza mvinyo wa mananasi, akawa haambiliki. Hamira aliitia kwenye juisi ingali inatokota. Mkewe, mwoka mikate wa miaka thelathini, alijua fika kuwa moto ule unaiua hamira papo hapo, na hamira ikifa hakuna pombe. Alinyamaza. Kila wiki mzee alishushia glasi mbili, akapepesuka, akamwita mkewe gogo mbele za watu. Asubuhi husema, "Nisamehe mama watoto, pombe si chai."

Miaka miwili mama alimeza mate machungu. Jumapili hii walikuja wakwe.

"Huyu gogo anajua unga tu," mzee alibwata, miguu imeshalegea. "Mvinyo wangu unaangusha fahali!"

Mama aliijaza glasi pomoni, akampa mjukuu wa miaka minne. Wakwe waliruka kumzuia.

"Muacheni anywe. Hamira ilifia sufuriani. Ni juisi, tangu chupa ya kwanza."

Mtoto aligida yote, akaomba nyingine. Wote wakamgeukia mzee, aliyekuwa bado ameng'ang'ania meza asianguke.