Banda la Mpakani

Dereva wa gari la wagonjwa la halmashauri alikuwa mama mmoja ambaye watu walimwita Breki, kwa utani tu, maana breki alizikanyaga pale tu alipolazimishwa. Na mahali alipolazimishwa kila siku ni kwenye kibao cha mpaka. Hospitali ya upasuaji ilikuwa ng'ambo, kwa halmashauri jirani, na kila halmashauri ilikuwa imepiga marufuku gari la mwenzake kuvuka. Basi mgonjwa alifikishwa kwenye kibao, akashushwa, akangoja, kisha akapakiwa kwenye gari la pili. Juani. Mvuani. Na watu wazima wenye akili zao timamu waliketi kwenye viti vya kuzunguka wakauita huo utaratibu!

Breki aliandika barua mpaka mkono ukamuuma, akapigwa danadana. Hatimaye waziri, ambaye sheria ilimpa nguvu ya kuzilazimisha halmashauri zishirikiane, akatoa amri: ndani ya siku tisini ziwe na huduma moja ya kusafirisha wagonjwa, la sivyo zitavunjwa. Breki aliisoma ubaoni mara mbili, kisha akampigia simu binti yake, mwenye mimba ya miezi sita.

"Mwanangu, wewe hutashushwa barabarani."

"Mama, usinipe moyo bure."

"Hii ni amri ya waziri, si porojo."

Halmashauri zikakaa. Zikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo. Siku ya themanini na tisa mwenyekiti alimwita Breki amwonyeshe matunda ya vikao vyote hivyo: banda la bati, nusu huku nusu kule, la kuhamishia wagonjwa kivulini.

"Na mimi nitavuka lini?" Breki aliuliza.

"Uvuke uende wapi, mama?" Mwenyekiti alicheka. "Si tumeshashirikiana?"

Si kwamba hawakuielewa ile amri. Waliielewa vizuri mno, ndiyo maana walijua pa kuikwepea.

Asubuhi ya uzinduzi, uchungu ukamshika binti yake, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga wa zahanati aliandika "haraka" kwenye karatasi ya rufaa, akalipigia neno hilo mistari miwili. Breki akalitoa gari mbio. Mpakani alikuta viti, kipaza sauti, na utepe umekatiza barabara. Mwenyekiti alipoliona gari alifurahi kupita kiasi: mgonjwa wa kweli, tena mbele ya kamera!

"Mteremshe mgonjwa, mama, taratibu," alitangaza. "Wananchi waone."

Nyuma, binti yake alikuwa ameuma shuka. Breki akashusha kioo.

"Mgonjwa ni mwanangu, na hashuki. Sogea, mheshimiwa, au ushirikiane na bampa."

Mwenyekiti alisogea. Utepe ulikatwa na gari. Upande wa pili dereva wa halmashauri jirani, mzee aliyepokezana naye wagonjwa miaka yote, hakungoja ruhusa ya mtu. Aliwasha king'ora, akatangulia kumfungulia njia mpaka mlango wa hospitali.

Kesho yake barua ya kumsimamisha kazi ilimkuta Breki wodini, mjukuu mikononi. Aliisoma mpaka chini. Halmashauri zote mbili zilikuwa zimeitia saini, tena ndani ya siku moja.