Pazia la Dirisha Dogo

Jerop alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari angeutibu: akishuku, ameshuku. Hata chai ikichelewa kuchemka, alitaka kujua nani amegusa jiko. Basi Alhamisi ile alipotoka kununua ndoano za mapazia, akamkuta Nangila nyuma ya duka lao pale Kibomet, kageukia ukuta, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Jerop akasimama mlangoni, akatega sikio.

"Lakini Jerop asijue, tafadhali," Nangila alikuwa akisema.

Miaka tisa walikuwa wamefanya kazi pamoja. Jerop wa Endebess alipima na kukata, Nangila wa Bungoma alishona, na Kitale nzima ukitaka pazia lisilokwenda upande ulielekezwa kwao. Mwezi huo walikuwa wamepata kazi ambayo hawajawahi kuishika, hariri ya Thailand. Ivy, msichana anayefanya kazi Nairobi, aliileta kutoka Bangkok akampa mama yake huko Bungoma, ili sebule ipambwe kabla ya wakwe kuja Jumamosi na mahari. Kitambaa chenyewe kilikuwa na maringo. Nyuzi za urefu zilikuwa za rangi ya dhahabu, za upana zilikuwa za kijani, na ukikitikisa hujui ukiite rangi gani. Mama Ivy aliwakabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Hii hata ulie, hapa hupati ingine."

Sasa, baada ya simu ile, Jerop akaanza kuhesabu mambo. Wikendi iliyopita Nangila alikuwa amekibeba kitambaa hadi kwao, ati akamalizie kushona huku anamuuguza mama yake. Siku mbili nzima! Nani alikuwa anamwona? Kikulacho ki nguoni mwako, Jerop alijiambia, na akaiona methali hiyo tamu kwa sababu ilikuwa inamlenga mtu mwingine.

"Ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza.

"Mtu wa kwetu tu." Nangila akaitia simu mfukoni haraka, na haraka hiyo Jerop akaiweka pamoja na mengine.

Ijumaa saa tatu walikuwa Bungoma, sebuleni kwa Mama Ivy. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alisimama kana kwamba kengele inakaribia kulia. Walianza na dirisha kubwa. Pazia liliposhuka, jua likapita, na ukuta mzima ukawa rangi ya asali. Mama Ivy alipiga makofi. Kisha wakatundika la dirisha dogo, lile la karibu na meza ya kulia. Lilikuwa la kijani kilichofifia, kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki.

Mama Ivy aliangalia huku, akaangalia kule.

"Hii pazia na ile ni kitambaa moja?"

"Ni moja, Mwalimu," Nangila alijibu. Akamtazama Jerop, kisha akainamisha macho.

Jerop aliyaona macho yale yakiinama, na kwake kesi ikawa imekwisha. Hofu ikamshika, hofu ya kweli. Kesho wakwe wataingia, watu watauliza mapazia yameshonwa na nani, na kufikia Jumapili itasemwa kwamba mafundi wa Kibomet hubadilisha vitambaa vya watu. Nani atamwachia kitambaa tena? Aliona afadhali azame mmoja kuliko wawili, na huyo mmoja asiwe yeye.

"Mwalimu, niletee kiberiti," alisema. "Hariri ya ukweli ukichoma inanuka nywele, halafu inakuwa jivu. Ya bandia inayeyuka."

Aliinua pindo la pazia dogo, akachomoa uzi, akauwasha. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kipunje cheusi, kigumu kama mchanga. Jerop akampelekea Mama Ivy kwenye kiganja.

"Hii si hariri. Mimi nilikata hariri, Mungu anajua. Kama imebadilishwa, imebadilishiwa kwa huyu. Alikaa nayo kwao siku mbili, na jana nimemsikia kwa simu akisema ati mimi nisijue."

Nangila alikuwa bado ameshika ndoano mbili mkononi.

"Jerop, si umechoma uzi wa cherehani? Huo ni nailoni, tulinunua na wewe. Toa uzi wa kitambaa yenyewe."

Alikuja mwenyewe, akachomoa uzi kwenye ukingo wa ndani ambao haujashonwa, akauwasha. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa pale. Mama Ivy alisugua jivu kati ya vidole, likapotea lote.

"Ni hariri," alisema. "Sasa mbona hazifanani?"

Nangila alitazama nje, upande wa barabara. Mara gari likaingia uani, na Ivy akatokea mlangoni na mfuko wa karatasi, bado ana vumbi la safari.

"Aunty Nangila, nimepata! Kwangu Nairobi imebaki hii tu, mita moja na nusu. Si itatosha dirisha ndogo?" Alipoona nyuso zao, akamgeukia mama yake. "Kwani hajakuambia? Alinipigia jana. Hicho kipande kililazwa wakati wa kukata, nyuzi za kijani zikasimama na za dhahabu zikalala, ndio rangi ikageuka. Akaniuliza kama kuna imebaki ashone ingine."

Kililazwa. Dirisha lilikuwa fupi, urefu wake sawasawa na upana wa kitambaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekigeuza mezani ili asipoteze hata kipande. Alikuwa amefanya hivyo mara mia kwa vitambaa vya sokoni, na akasifiwa. Hariri ya rangi mbili haikubali hesabu hiyo, na yeye hakuwa anajua.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alisema pole, akairudia. Nangila aliitikia kwa kichwa, akatandika kitambaa kipya mezani, akakipima, akakikata yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Akakishona kwa mkono pale pale. Saa tisa madirisha yote mawili yalikuwa ya asali, na Mama Ivy akawa anaita majirani waje waone.

Jerop alikunja vifaa. "Twende, Nangila, tufike Kitale mapema."

"Enda tu. Mimi nabaki kwetu."

"Mpaka Jumatatu?"

Nangila alifunga mkoba wake polepole.

"Kosa lako nililiona Jumapili," alisema. "Nikanyamaza nitafute vile litatengenezwa, mpaka jana nikapata namba ya Ivy, na kama ni kukuambia, nikuambie tukiwa wawili, si mbele ya mwenye nyumba. Mimi hata kosa sikuwa nalo, na wewe ulilitangaza mbele ya mwenye nyumba."

Alimuaga Mama Ivy kwa heshima, akamuaga Ivy, akatoka. Jerop alibaki amesimama katikati ya sebule ile nzuri, majirani wakimpongeza kwa kazi.