Sisimizi wa Manariyo

Marehemu mke wangu Manariyo aliniachia vitu viwili: karai la sisimizi na mama yake mzazi. Sisimizi nilijua kuwalisha. Mama ndiye alikuwa mtihani.

Sisimizi wenyewe ni wale weusi wanaovuna punje, wenye vichwa vikubwa kama vya watu wa kamati. Manariyo aliwakuta wakimwibia ulezi aliouanika. Mwanamke mwingine angewamwagia maji ya moto. Yeye aliwachimba pamoja na malkia wao, akawatia kwenye karai la udongo, karai akalisimamisha katikati ya beseni la maji wasitoroke, akawa anawapa ulezi kwa mkono wake. "Wakila kwa ruhusa si wezi tena," alisema. Wakubwa wa nchi hii wao wanakula kwa ruhusa na bado ni wezi, lakini hao hawaenei kwenye karai.

Alikufa kwa malaria. Zahanati ilikuwa na bango zuri la rangi ukutani, mbu amechorwa mkubwa kama kuku, ila dawa haikuwepo. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Nilipouliza semina ya nini, nikaambiwa ya malaria.

Mama yake alikuwa ametukimbilia kutoka Burundi vita ilipochacha, akashuka Kagunga, mpakani, kwa mtumbwi, kisha akatufikia hapa Ujiji. Hatujamaliza matanga, likaja tangazo: kila Mrundi anayeishi mitaani apelekwe kambini. Watu waliolima hapa tangu enzi za mkoloni wakaambiwa ni wageni. Aliyewaambia ni mtendaji wetu, Fabian, aliyeletwa juzi na barua ya uhamisho kutoka mkoa wa mbali, hata dagaa wa ziwa hili alikuwa hajajifunza kuwala.

Nikamficha mama mkwe chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeshazika mmoja kwa uzembe wao, wa pili sikutaka wanichukulie.

Sasa, sisi tuliolelewa kwa adabu ya Kiha, mwanaume hatazamani usoni na mama mkwe wake. Hali naye, hazungumzi naye ana kwa ana. Alipokuwepo Manariyo, yeye ndiye alikuwa akipeleka maneno. Tulipobaki wawili, tukaliweka karai mlangoni, chini ya pazia, tukawa tunazungumza na sisimizi.

"Sisimizi," sauti ilitoka ndani, "aliyesonga huu ugali alisahau chumvi."

"Sisimizi, mwambieni anayelalamika kwamba ugali hautiwi chumvi."

"Basi mchicha. Binti yangu alisema mumewe ni mbishi. Nilidhani anamsingizia."

Usiku na mchana ikawa hivyo. Yeye anawapondea punje, mimi nawabadilishia maji. Wanakoboa, makapi wanayatupa pembeni kwa utaratibu ambao soko letu halijawahi kuuona.

Majirani wakasikia. Ikasemwa mimi Leonardi nalisha wageni ndani. Asubuhi moja akaja Fabian, na nyuma yake Pastory, mgambo wa mtaa, kijana wa Kiha, ameshika rungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tumepata habari unalisha wageni humu."

"Nalisha. Ni wengi."

"Wako wangapi?"

"Wewe ndiye umesoma. Njoo uwahesabu."

Nikamwonyesha karai. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Na hao ndio unaongea nao?"

"Mke amekufa. Nikaongee na wewe?"

"Hebu ongea nao nisikie."

Nikainama. "Sisimizi, mtendaji amekuja na mgambo wake. Msitoke. Msikohoe."

Nyuma ya pazia hapakusikika hata pumzi. Fabian akacheka mpaka akafuta macho, akamwambia Pastory, "Msiba umempanda kichwani huyu. Twende zetu."

Wangeondoka. Lakini mkubwa hawezi kuona kitu asikiguse. Akasukuma beseni kwa ncha ya kiatu, maji yakamwagika, karai likalala ubavu, na wale wenye vichwa vikubwa wakapanda suruali ya kaunda suti. Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikifanya kazi kwa kasi ile. Aliruka, akajipiga mapaja, akafungua mkanda mbele ya watu. Pastory aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Lete mafuta ya taa," Fabian akasema, akishikilia suruali. "Choma hawa wadudu. Hata mmoja asibaki."

Kibatari kilikuwa juu ya meza, na Pastory akakichukua. Nilikuwa nawapenda wale sisimizi, lakini ni sisimizi, na nyuma ya pazia kulikuwa na mtu. Nikainama tena, nikasema kwa sauti, "Sisimizi, mtachomwa. Na iwe. Atakayesikia asitoke."

Pazia likafunguka.

"Acha," akasema. "Hawa ni wa mwana wanje, wa binti yangu."

Mimi nikageukia ukuta haraka. Kwa hiyo mama mkwe wangu alipokamatwa, mimi nilikuwa natazama ufa wa udongo.

"Huyu ni nani?" Fabian akauliza.

"Mama mkwe wangu," nikauambia ukuta.

"Nitazame ninapokuuliza. Nitazame mimi na umtazame yeye."

"Bosi," Pastory akasema taratibu, naye macho chini, "hapo mwache tu."

Wakamwambia achukue mzigo wake. Nikasikia karai likiinuliwa. Fabian akasema huo si mzigo. Mama akasema mwingine hana. Hakuna aliyebishana naye, maana Fabian hakutaka kulikaribia tena. Nikasikia lori la kambini likiwaka nje, nikageuka, nikakuta sakafu iliyolowa.

Siku hizi nakwenda kambini kumtazama, ikiwa kutazama ni kukaa nje ya turubai umempa mtu mgongo. Zahanati yao ina dawa ya malaria, tele, bure. Nimeiona kwa macho yangu kwenye rafu, nikatoka nje nikakaa chini kidogo. Mahindi ya msaada mama anayaponda, sisimizi wanabeba. Wakubwa waliokosa kidonge cha kumpa Manariyo leo wanawalisha wadudu wake, na wamenenepa.

Jumapili iliyopita karai lilikuwa mlangoni kama kawaida.

"Sisimizi," nikasema, "mwambieni mwenye turubai kwamba nyumba imekuwa kimya mno."

Nikamsikia akiponda, akaacha.

"Sisimizi, mwambieni huyo mtu akanunue ulezi sokoni Rusimbi, alete. Mahindi haya mnakula kwa shida. Na mwambieni akija asikae juani, asogee hapa mlangoni, mgongo wake nimeshauzoea."